Darubini ya Padri Clavius: namna ya kuchagua chombo cha kutazama nyota



Tumeulizwa mara nyingi: «Tukitaka kuwafundisha vijana mambo ya nyota, tununue darubini gani?» Ulizo hili si dogo. Feza za parokia ni chache, na chombo kibaya hakipotezi feza tu, chapoteza na hamu ya kujifunza. Basi tuiulize historia kwanza, kwani wenzetu wa zamani walipambana na shida ileile.

I. Mwanzo wa chombo

Mwezi wa Oktoba 1608, Hans Lipperhey, fundi wa miwani wa mji wa Middelburg, aliwaonyesha wakubwa wa Uholanzi bomba lenye vioo viwili lililokuza vitu karibu mara 3. Mwaka uliofuata Galileo, mwalimu wa hesabu huko Padova, alisikia habari hiyo. Akasugua vioo vyake mwenyewe, akapata chombo cha kukuza mara 8, kisha cha mara 20. Tarehe 7 Januari 1610 aliona nyota ndogo tatu karibu na Jupiter. Siku chache baadaye akaona ya nne. Akatambua kwamba zote zinaizunguka Jupiter, na mwezi wa Machi akatangaza habari hiyo kwa Kilatini katika kitabu kilichochapwa Venezia.

II. Mashaka ya wenye elimu

Mwezi wa Aprili Galileo alipeleka chombo chake Bologna. Wengi waliochungulia hawakuona kitu cha hakika, na mmoja wao, Martin Horky, akaandika kumpinga. Tusiwacheke. Vioo vya siku zile vilikuwa na mapovu ndani, na sehemu ya mbingu iliyoonekana kwa mara moja ilikuwa ndogo kuliko mwezi mpevu.

Huko Roma, katika Collegio Romano, Padri Christophorus Clavius, Mjezuiti aliyefanya kazi kubwa katika matengenezo ya kalenda ya mwaka 1582, naye alikuwa na mashaka. Lakini yeye na wenzake hawakutosheka na mabishano. Walitafuta chombo bora, wakatazama usiku baada ya usiku. Desemba 1610 Clavius, mzee wa miaka 72, alimwandikia Galileo kwamba wameziona nyota zile. Aprili 1611 Kardinali Bellarmino alipowauliza, walimjibu kwamba mambo hayo yanaonekana kweli, ijapokuwa Clavius hakukubali kwamba mwezi una milima. Msomaji atakumbuka hukumu ya mwaka 1633; lakini shauri la 1611 lilikuwa hili tu: chombo kinaonyesha kweli ao kinadanganya?

III. Mafundisho kwetu

Kwanza, uimara. Katika barua ya 7 Januari 1610 Galileo alishauri kufunga bomba mahali pasipotikisika, kwa sababu hata mapigo ya damu na pumzi huutetemesha mkono. Darubini nzuri juu ya miguu milegevu ni kazi bure.

Pili, upana wa kioo. Wachuuzi husifu kukuza mara 500, nao wanadanganya. Kadiri ya desturi, kila milimita moja ya upana wa kioo hustahimili kukuza mara 2 tu: kioo cha milimita 60 hakipiti mara 120. Zaidi ya hapo ni ukungu mtupu.

Tatu, tuanze na macho, kisha darubini ya macho mawili. Ile iliyoandikwa 10x50 hukuza mara 10, na kila kioo chake kina upana wa milimita 50. Mboni ya jicho gizani hufunguka karibu milimita 7. Basi kioo hicho hukusanya mwanga mara 50 kupita jicho. Ukiiegemeza vizuri juu ya nguzo, utaziona nyota zile za Galileo.

Mwenye feza zaidi achague darubini ya kioo cha kurudisha mwanga, namna aliyoitengeneza Newton mwaka 1668. Katika karne ya 20 John Dobson, aliyekuwa mmonaki wa Vedanta huko San Francisco, alionyesha kwamba yaweza kukaa juu ya sanduku la mbao, bila mitambo ya gharama. Hiyo yatufaa sisi watu wa Katanga. Miguu yenye mitambo hutakiwa kuelekezwa penye ncha ya mbingu. Nyota ya kaskazini hatuioni hapa, na upande wa kusini hakuna nyota angavu ya kuishika nafasi yake.

Onyo moja tusilisahau: kamwe tusielekeze darubini kwenye jua, hupofusha mara moja.

Basi, kabla ya kutoa feza, tufanye kama mapadri wa Collegio Romano: tuazime chombo, tukielekeze kwa Jupiter usiku kadhaa, tuandike tulichoona. Kisha ndipo tununue.