Kura Moja na Bei ya Amani: Uchaguzi wa Marekani wa Mwaka 1876



Watu wengi watajapo Marekani husifu utajiri wake na majumba yake marefu. Wachache hukumbuka ya kuwa watu wa nchi ile walipigana wenyewe kwa wenyewe toka mwaka 1861 hata 1865, wakafa watu zaidi ya 600,000. Na wachache zaidi hujua ya kuwa, miaka 11 tu baadaye, walikaribia kushika bunduki mara ya pili. Habari hiyo ya pili ndiyo nitakayowaeleza leo.

Kwanza yafaa tujue asili ya ugomvi. Majimbo ya Kusini yalilima pamba kwa mikono ya watumwa weusi. Abraham Lincoln, mtu aliyepinga utumwa usienee, alipochaguliwa kuwa Rais mwaka 1860, majimbo 11 yalijitenga, vita vikazuka, na Kusini ikashindwa. Ndipo katiba ikaongezwa vifungu vitatu. Cha mwaka 1865 kiliondoa utumwa. Cha mwaka 1868 kiliwapa uraia waliokuwa watumwa. Cha mwaka 1870 kilikataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake. Mwaka huo huo Hiram Revels wa Mississippi akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Seneti.

Lakini weupe wengi wa Kusini hawakuridhika. Vikundi vyenye silaha viliwapiga na kuwaua watu weusi waliothubutu kupiga kura. Kinga yao kubwa ilikuwa askari wa serikali kuu, nao walizidi kupungua mwaka hata mwaka, kwa maana watu wa Kaskazini walichoka na shauri lile.

Uchaguzi ukafanywa tarehe 7 Novemba 1876. Chama cha Republican kilimsimamisha Rutherford Hayes, na chama cha Democratic kilimsimamisha Samuel Tilden. Sasa, Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za raia wote. Kila jimbo hutoa wajumbe wake, na apataye zaidi ya nusu ya wajumbe ndiye mshindi. Mwaka ule wajumbe walikuwa 369, basi mshindi alihitaji 185. Tilden aliwatangulia wote kwa kura za raia, naye alikuwa na wajumbe 184. Hayes alikuwa na 165. Waliosalia, yaani 20, walibishaniwa: 19 wa Florida, Louisiana na South Carolina, na mmoja wa Oregon. Kila upande ulileta hati yake, na kila upande uliulaumu mwingine kwa udanganyifu. Wala malalamiko hayo hayakuwa ya bure: huku watu weusi walitishwa wasipige kura, na huku wasimamizi walifuta kura nyingi zilizokwisha kupigwa.

Katiba ilisema hati zifunguliwe mbele ya mabaraza mawili na kura zihesabiwe. Haikusema ahesabu nani. Na mabaraza yenyewe yaligawanyika, moja mikononi mwa chama hiki, moja mikononi mwa chama kile. Watu wakaanza kupiga kelele, "Tilden ama damu!"

Mwezi wa Januari 1877 likaundwa baraza la waamuzi 15: watano wa Seneti, watano wa Baraza la Wawakilishi, na mahakimu watano wa Mahakama Kuu. Saba walikuwa wa chama hiki na saba wa chama kile. Wa 15 alitazamiwa kuwa hakimu David Davis, asiyefungamana na chama. Lakini jimbo la Illinois likamchagua kuingia katika Seneti, naye akakataa kazi ya uamuzi. Nafasi yake akapewa hakimu wa Republican. Tangu hapo kila shauri kubwa lilikatwa kwa sauti 8 dhidi ya 7, na wajumbe wote 20 wakapewa Hayes. Tarehe 2 Machi akatangazwa mshindi, 185 kwa 184.

Mbona wenzao hawakuinuka na silaha? Siku chache kabla ya hapo wakubwa wa pande mbili walikutana kwa faragha katika hoteli mjini Washington, hoteli ambayo mwenyewe alikuwa mtu mweusi, James Wormley. Wanahistoria wabishana hata leo mapatano yale yalikuwa na nguvu gani, lakini yaliyofuata hayana ubishi. Mwezi wa Aprili Hayes aliwaondoa askari waliolinda nyumba za serikali katika South Carolina na Louisiana, na watawala wa Republican wakaanguka. Mwaka 1898 Louisiana ikatunga katiba mpya yenye masharti ya kusoma au kuwa na mali. Wapiga kura weusi walioandikishwa huko mwaka 1896 walizidi 130,000. Mwaka 1904 walikuwa 1,342. Haki hiyo haikupata ulinzi wa kweli hata sheria ya mwaka 1965.

Wahenga walisema, fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali walipatana, na nyasi zikaumia vile vile.

Ugomvi wa kuhesabu haukuisha. Sheria ya kuutuliza ilitungwa mwaka 1887. Lakini tarehe 6 Januari 2021 kundi la watu lilivunja milango ya jengo la Kongresi ili kuzuia hesabu ya uchaguzi wa mwaka 2020. Hesabu ilimalizika usiku ule ule wa kuamkia tarehe 7, na mwaka 2022 sheria ikatengenezwa upya.

Basi twajifunza mambo mawili. La kwanza, taratibu ya kuhesabu iwekwe wazi kabla ya kura kupigwa, maana baada yake kila mtu huitazama sheria kwa jicho la chama chake. La pili, tusikiapo kwamba wakubwa wamepatana, tushukuru kwamba damu haikumwagika. Kisha tuulize ni nani hakuitwa penye mapatano, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye aliyelipa.