Kutoka Garmisch hadi Zanzibar: Mikutano ya Wasanidi wa Programu na Somo la Kukiri Kushindwa

Oktoba 1968, wataalamu wa kompyuta zaidi ya 50 kutoka nchi 11 walikusanyika Garmisch, mji mdogo ulio chini ya milima kusini mwa Ujerumani Magharibi. Waliitwa na Kamati ya Sayansi ya NATO, wakajadiliana kwa muda wa siku tano. Leo, vijana wengi wanaposubiri kwa hamu mkutano wa wasanidi wa programu, mawazo yao huwa kwenye nafasi za kazi, wafadhili na teknolojia mpya. Mimi pia nimejiandikisha kuhudhuria mkutano wa aina hiyo, na siku zinakwenda polepole mno. Hata hivyo, matarajio yangu yanatokana na historia ya Garmisch, kwa kuwa mkutano huo ulioipa taaluma hii jina lake uliitishwa ili watu wakiri kwamba wameshindwa.

Kushindwa kwenyewe kulikuwa bayana. Mashine zilizidi kuwa na nguvu, lakini programu za kuziendesha zilichelewa, zilivuka bajeti na zilijaa kasoro. Kampuni ya IBM ilikuwa imewaajiri watu zaidi ya 1,000 katika mradi wa OS/360, na bado kazi haikukamilika kwa wakati. Fred Brooks, aliyeusimamia mradi huo, aliandika baadaye, mwaka 1975, kwamba kuongeza watu katika mradi wa programu uliochelewa huuchelewesha zaidi. Kule Garmisch, wajumbe walizungumza waziwazi juu ya hali iliyokuja kuitwa mgogoro wa programu. Jina "uhandisi wa programu" lilichaguliwa makusudi ili kuwachokoza: mjenzi wa daraja ana kanuni za kazi yake, je, mwandishi wa programu anazo zipi? Taarifa ya mkutano, iliyohaririwa na Peter Naur na Brian Randell, ilihifadhi hata mabishano yao. Hakuna aliyeondoka na dawa, lakini tatizo lilikuwa limepata jina na watu wa kulishughulikia.

Tanzania ya miaka ileile ilikuwa na tatizo la ukoo huohuo. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Matumizi yake katika hesabu za serikali hayakuleta matunda yaliyotarajiwa, na utegemezi kwa wataalamu wa kigeni ulikuwa mkubwa. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Si haki kuubeza uamuzi huo. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla, chakula kilikuwa haba, fedha za kigeni zilikuwa chache, na Azimio la Arusha lilikuwa limetufundisha kuitilia shaka anasa inayotoka nje. Kwa mtazamo wa hazina, marufuku ilikuwa na mantiki.

Hasara yake ilikuwa kwingine. Marufuku ilizuia mashine, na papo hapo ikazuia mazungumzo. Hadi vizuizi vilipolegezwa kwa hatua na kuondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990, kizazi kizima cha wahasibu, wahandisi na walimu kilikosa nafasi ya kukosea, kuulizana na kujirekebisha. Sera ya kwanza ya taifa ya TEHAMA ilitoka mwaka 2003, miaka 35 baada ya Garmisch.

Tangu hapo tumepiga hatua. Mwaka 2017 Wizara ya Fedha, wizara ileile ya mwaka 1965, ilianza kutumia mfumo wa GePG uliojengwa na wataalamu wa nyumbani. Kila mwananchi anayelipia huduma ya serikali kwa kumbukumbu namba anaufahamu. Novemba 2023, Zanzibar iliwapokea wasanidi kutoka pande mbalimbali katika mkutano wa kwanza wa DjangoCon Africa. Django ni programu huria iliyozaliwa katika chumba cha habari cha gazeti moja huko Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005. Yeyote anaweza kuisoma, kuirekebisha na kuirudisha ikiwa bora zaidi. Garmisch walikaa walioalikwa. Zanzibar mlango ulikuwa wazi zaidi.

Lakini mlango wazi hautoshi iwapo tunaingia na midomo iliyofungwa. Mwananchi aliyesafiri kutoka kijijini akaambiwa dirishani kwamba "mtandao hakuna, rudi kesho" anastahili kujua kwa nini. Je, mtumishi wa umma anayejua sababu anaweza kusimama mbele ya wenzake na kuieleza bila kuhofia kibarua chake? Tukiadhibu ukweli wa namna hiyo, tutakuwa tumerudisha marufuku ya 1974 kwa mlango wa nyuma, safari hii tukiwa na kompyuta mezani.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi waende kwenye mikutano hii wakiwa na maswali, na wakuu wa idara wawaruhusu wahandisi wao kwenda na kusema. Katika ratiba ya mkutano, nitatafuta kwanza mada inayoeleza mfumo ulioanguka. Mficha uchi hazai, walisema wahenga.