Upasuaji wa Mgongo: Kuunganisha Pingili au Kuweka Diski Bandia

Uti wa mgongo una diski 23, ambazo ni mito ya gegedu iliyo kati ya pingili. Diski hupokea uzito wa mwili na kuuwezesha kuinama na kugeuka. Inapochakaa au kupasuka, huweza kubana mishipa ya fahamu na kuleta maumivu au ganzi inayoshuka mkononi au mguuni.

Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa dawa na mazoezi tiba bila kupasuliwa. Hata upasuaji unapohitajika, mara nyingi hutosha kuondoa kipande kinachobana mshipa. Hata hivyo, anayeshindwa kuzuia haja, kupata ganzi sehemu za siri au kuishiwa nguvu miguuni anapaswa kufikishwa hospitali mara moja.

Diski inapolazimika kuondolewa yote, zipo njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuunganisha pingili, iliyoanza kutumika New York mwaka 1911. Daktari huweka kipandikizi cha mfupa, kwa kawaida pamoja na skrubu, ili pingili mbili ziungane kuwa mfupa mmoja. Muungano huo huchukua miezi kadhaa, na uvutaji wa sigara huuchelewesha au kuuzuia. Sehemu iliyounganishwa haijongei tena, na pingili jirani hubeba mzigo zaidi.

Njia ya pili ni kuweka diski bandia ya madini na plastiki ngumu. Diski ya aina hiyo iliyobuniwa katika hospitali ya Charité, Berlin, ilipandikizwa kwa mara ya kwanza mwaka 1984, na Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 2004. Faida yake ni kubakiza mjongeo. Kwa upande wa kiuno, hata hivyo, huwekwa kupitia tumboni, karibu na mishipa mikubwa ya damu. Aidha, kifaa huweza kuchakaa au kuhama.

Diski bandia haimfai kila mgonjwa. Kwa kawaida haiwekwi kwa mwenye mifupa iliyopungua uimara, pingili zilizoteleza, uti uliopinda au maungio ya nyuma yaliyosagika. Kwa hao, kuunganisha pingili huwa njia salama zaidi.

Jambo jingine la kupima ni uwezekano wa kurudia upasuaji. Diski bandia ikishindwa, pingili huweza kuunganishwa baadaye, ingawa marudio kupitia tumboni ni ya hatari zaidi. Pingili zilizokwisha kuungana, kwa kawaida, hazirejeshewi mjongeo.

Kabla ya kutia saini ridhaa, mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari: Je, imethibitika kuwa diski hiyo ndiyo chanzo cha maumivu? Amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi? Gharama ipi italipwa na bima? Hali itakuwaje upasuaji usipofanyika? Upya wa kifaa pekee si sababu ya kukichagua. Kinachoamua ni hali ya mgongo wa mgonjwa mwenyewe.