Mzazi na Mwalimu katika Viunga vya Dar es Salaam

Wasomaji wetu, mara nyingi twawasikia walimu wakinung'unika kwamba wazazi wa Mbagala, Tandika na Manzese hawaonekani shuleni mpaka waitwe, na wakiitwa huja wachache. Nao wazazi wana neno lao: kwamba shule haiwaiti ila pana mchango. Maneno yote mawili yana ukweli ndani yake, tena chanzo chake si cha jana. Basi tutazame mambo yalivyofika hapa.

Kabla ya shule za serikali, mtoto wa pwani hii alipelekwa chuoni kusoma Kurani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilipigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza mambo ya chuo pamoja na mengine mengi. Mtoto alikabidhiwa kwa mwalimu na wazee wake, na ada ililipwa kwa mafungu, kadiri mwanafunzi alivyovuka hatua za masomo. Hatusemi kwamba chuo hakikuwa na kasoro. Fimbo ilifanya kazi kupita kiasi. Lakini ada ile ilifuata maendeleo ya mtoto, na kwa hiyo aliyelipa alijua mwanawe amefika wapi.

Shule za Wajerumani, na baadaye za Waingereza, zilikuja na desturi nyingine. Mafunzo yalipangwa ofisini, mkaguzi alitoka mbali, na mtoto alifundishwa apate kuwa karani au mwalimu katika kazi ambazo baba yake hakuzijua. Wazazi wengi wa pwani waliogopa kwamba watoto wao wangegeuzwa dini. Mzazi hakuulizwa neno. Kazi yake ilikuwa kumtoa mtoto na kulipa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Waingereza ilipopima viwanja na kujenga nyumba za Waafrika Magomeni na Temeke, mji ulikua upesi kuliko shule zake. Hapo wazazi hawakukaa kungoja. Mwaka 1955, mwaka mmoja baada ya TANU kuzaliwa, kilianzishwa chama cha wazazi Waafrika wa Tanganyika, TAPA, kikishirikiana na TANU. Kazi yake ilikuwa kufungua shule kwa ajili ya watoto waliokosa nafasi katika shule za serikali na za misheni. Wataalamu wa elimu walizidharau shule hizo, kwa kuwa walimu wake wengi hawakuwa na mafunzo ya kutosha. Dharau hiyo ilikuwa na sababu. Hata hivyo sisi twaona kwamba katika shule zile mzazi alikuwa mwenye shule, si mgeni wa mlangoni. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa Jumuiya ya Wazazi ya CCM.

Mwaka 1974, mkutano wa TANU uliofanyika Musoma uliamua kwamba kufikia mwaka 1977 kila mtoto awe shuleni. Wananchi wakafyatua matofali na kujenga madarasa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikaweka kamati za shule, na wazazi wakapewa viti ndani yake. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini tukipitia kazi walizopewa wazazi katika miaka iliyofuata, twaona kwamba nyingi zilikuwa za mikono na mfuko: vyoo, madawati, paa, nyumba ya mwalimu.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, watoto wakaja kama mafuriko. Nchi nzima wanafunzi wa shule za msingi walitoka kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000 wakafika milioni 7.5 mwaka 2005. Viunga vya Dar es Salaam vililemewa zaidi, kwa maana watu nao waliongezeka: hesabu ya mwaka 2012 iliwakuta watu 1,368,881 Temeke pekee. Kisha ukatoka Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na tangu Januari 2016 elimu ikawa bila malipo hadi kidato cha nne. Wazazi wengine walidhani kwamba sasa mtoto ni wa serikali, hata serikali ikalazimika kutoa waraka mwingine mwaka 2016 kueleza kwamba sare, madaftari na chakula vingali juu ya mzazi. Tusiwalaumu upesi. Mtu aliyeitwa miaka mingi kwa ajili ya fedha tu, fedha ikiondolewa, atajuaje kwamba bado anahitajiwa?

Wenzetu waganga wametutangulia katika jambo hili. Katika hospitali ya CCBRT, Msasani, hutibiwa watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Mganga huunyosha mguu kwa plasta wiki baada ya wiki. Lakini baadaye mtoto huvaa viatu maalumu usiku, kwa miaka kadhaa, na anayevifunga viatu hivyo ni mama nyumbani. Mama asipoelezwa vema, mguu hurudi kupinda, na ustadi wote wa mganga hupotea. Kwa hiyo mganga hana budi kuketi na mama, amweleze, naye asikilize. Sisi walimu twafundisha kusoma kana kwamba usiku haupo.

Twajua kwamba mwalimu mwenye watoto zaidi ya mia darasani hawezi kuketi na kila mzazi. Lakini hata mkutano mmoja wa muhula huanza na taarifa ya fedha, huendelea na uji na walinzi, na habari za masomo husomwa mwishoni watu wakiwa wamekwisha kusimama. Tena mkutano huo huitwa saa nne asubuhi, siku ya kazi. Mama wa Mbagala anayenunua samaki Feri ili akawauze huondoka kwake kabla ya alfajiri, na saa hiyo bado yuko sokoni.