Uzee Usio na Kwao: Habari za Kisaki

Mtu hapotezi makao yake kwa siku moja. Jambo hili laonekana wazi katika nchi ya Kisaki, kusini ya milima ya Uluguru, ambako Wakutu, kama jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Kwa desturi ya zamani ardhi ilikuwa mali ya ukoo, na mwanamume aliyehamia ukweni alilima kwa idhini ya watu wa mkewe. Mke akifa, idhini ile ililegea. Watoto walikuwa wa ukoo ule. Yeye alikuwa mtu wa kwao, kwa wajomba zake, ambako labda hakukanyaga tangu ujana. Hata hivyo njia ya kurudi ilikuwapo, kwani mpwa hakufukuzwa ingawa amerudi na mvi.

Basi ni nini kilichoiziba njia hiyo? Burton na Speke walipopita Ukutu mwaka 1857 walikuta vijiji vilivyochomwa na wateka watumwa. Lakini pigo kubwa zaidi lilikuja na vita vya Wazungu. Mwezi wa Septemba 1916 askari wa Lettow-Vorbeck walipigana na Waingereza pale Kisaki, kisha wakakaa ng'ambo ya mto Mgeta hata Januari 1917. Majeshi yote mawili yalikula nafaka ya raia na kuwakamata wanaume wachukue mizigo. Baada yake ikaja homa ya mafua ya 1918.

Fikiri, msomaji, habari ya mpagazi wa miaka arobaini aliyerudi kutoka Rufiji. Mkewe amekufa, mjomba amekufa, wapwa wametawanyika. Hakuna aliyemfukuza. Mwaka wa kwanza alilala kwa shemeji. Wa pili barazani kwa jirani. Wa tatu dunguni, akilinda mahindi ya watu wasiliwe na nguruwe, naye akilipwa chakula. Kila hatua ilionekana ya muda tu, hata yeye mwenyewe aliidhani hivyo, na ndivyo miaka ilivyopita.

Serikali ilipoamuru mwaka 1973 watu wote wahamie vijijini, ardhi iligawanywa bila kuuliza ukoo. Mzee wa namna hii aliweza kupewa kiwanja kama wengine. Ila hakuwa na nguvu za kujenga, wala mpwa wa kumkatia miti.