Vidonda vya kulalia: namna ya kumkinga mgonjwa asiyeweza kujigeuza

Hospitali ya Mfalme Faisal, iliyoko Kacyiru mjini Kigali, hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka pande mbalimbali za Rwanda, wakiwamo waliopooza kwa kiharusi au walioumia uti wa mgongo. Kama ilivyo desturi nchini humo, kando ya kitanda hukaa ndugu anayemwuguza mgonjwa, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa umurwaza. Mgonjwa akiruhusiwa kurudi nyumbani, ngozi yake hubaki mikononi mwa ndugu huyo.

Kidonda cha kulalia hakiletwi na uchafu peke yake, kama wengi wanavyodhani. Mfupa huigandamiza nyama juu ya godoro, mishipa ya damu hubanwa, na nyama iliyokosa damu huanza kufa. Kwa mtu aliye hoi, saa chache zatosha. Sehemu za hatari zaidi ni chini ya mgongo, nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Kidonda kikiachwa huweza kufika mfupani, na vijidudu vikiingia katika damu huweza kuua.

Vitabu vingi vya uuguzi hutaja wekundu kuwa dalili ya kwanza. Shida ni kwamba kwenye ngozi nyeusi wekundu huo aghalabu hauonekani. Yafaa kupapasa kwa mkono kila siku, kutafuta mahali palipo na joto au baridi kuliko ngozi ya jirani, palipokuwa pagumu, au panapouma. Mahali hapo pasikandwe wala kusuguliwa, maana nyama ya chini huzidi kuharibika.

Kanuni iliyozoeleka ni kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku pia. Akilazwa ubavu, aegemezwe mto mgongoni ili asilalie mfupa wa nyonga moja kwa moja. Anyanyuliwe na watu wawili kwa shuka. Kumburura huchubua ngozi. Mto uwekwe chini ya miguu, visigino vibaki hewani. Glavu zilizojazwa maji, ambazo wengine huziweka chini ya visigino, hazishauriwi.

Shuka lililolowa mkojo libadilishwe mara moja. Maharage, mayai, maziwa na dagaa huipa ngozi nguvu. Ngozi ikishapasuka, isipakwe majivu wala dawa ya kubahatisha. Mgonjwa aonwe na muuguzi siku hiyo hiyo.