Chokaa Kutoka Angani: Funzo la Mto Kafue

Tarehe 18 Februari 2025, huko Chambishi katika Mkoa wa Copperbelt nchini Zambia, ukuta wa bwawa la topesumu la kiwanda cha shaba ulibomoka. Maji yenye asidi na madini mazito yalitiririka kijitoni, yakaingia mto Mwambashi, na hatimaye mto Kafue. Samaki walikufa, mashamba ya mahindi na karanga yaliungua, na mji wa Kitwe, wenye watu wapatao laki saba, ulikatiwa maji ya bomba. Taarifa za mwanzo zilitaja lita milioni 50. Makadirio yaliyofuata yalikuwa makubwa zaidi, nayo yamezusha ubishi.

Serikali ya Zambia ililiita Jeshi la Anga. Ndege zilipaa zikimwaga chokaa mtoni, na boti za mwendo wa kasi zikafanya kazi hiyo hiyo juu ya maji. Chokaa hiyo ilikuwa ya mamia ya tani.

Kwa nini chokaa? Asidi huyeyusha shaba na madini mengine, yakasafiri pamoja na maji bila kuonekana. Chokaa huua ukali wa asidi hiyo; madini yakaganda kuwa tope na kuzama. Hiyo ndiyo kazi inayofanywa kila siku ndani ya mtambo wa kusafisha maji machafu ya kiwanda. Lakini ndani ya mtambo tope hukusanywa katika tangi na kuondolewa. Mtoni tope hilo hubaki chini ya maji, mahali samaki wanapotaga na wakulima wanapochota maji ya kumwagilia. Basi ndege zile zilifanya kazi ya mtambo, baada ya nafasi ya mtambo kupita.

Zambia haikuwa ngeni kwa hatari hii. Migodi mikubwa ya Copperbelt ilianza kushamiri katika miaka ya 1920 na 1930, na tangu hapo milima ya mabaki imekuwa ikikua kando ya miji. Tarehe 25 Septemba 1970, huko Mufulira, tope la mabaki lilididimia kutoka juu ya ardhi na kuwafunika wachimbaji waliokuwa kazini chini. Watu 89 walipoteza maisha. Mnamo Novemba 2006 maji machafu ya mgodi yaliingia tena mto Kafue, safari hiyo katika eneo la Chingola. Baadaye wanavijiji 1,826 wa eneo hilo walifungua mashtaka nchini Uingereza kuhusu uchafuzi wa maji yao, na tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba kesi yao ingeweza kusikilizwa huko.

Kwa hiyo swali ni hili: kati ya siku ufa unapoonekana ukutani na siku ukuta unapobomoka, kiwanda kifanye nini?

Jibu mojawapo lina asili inayofahamika kwa wanajeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mwaka 1914 hadi 1918, majeshi yalijifunza kwamba maji machafu huua askari sawasawa na risasi. Vichujio na klorini vikapakiwa katika magari, vikafuata vikosi. Viwanda vimechukua fikra hiyo hiyo. Siku hizi mtambo wa muda huletwa kwa malori, vipande vipande, ndani ya makontena. Tangi la kwanza huchanganya maji na chokaa. La pili huyakusanya machembe yawe mabonge. La tatu huyatuliza mabonge hayo. Mwisho maji hupita katika mchanga. Maji yakizidi, kontena jingine huongezwa. Kazi ikiisha, mtambo hufunguliwa na kupelekwa kwingine.

Mtambo wa namna hiyo hufaa pale mtambo wa kudumu unapotengenezwa, au mvua za masika zinapojaza mabwawa, au bwawa lenye ufa linapopaswa kupunguzwa maji upesi. Lakini una mipaka yake. Hauwezi kuyarudisha mamilioni ya lita yaliyokwisha kumwagika. Unahitaji mafuta ya jenereta, chokaa isiyokatika, fundi anayepima maji kila saa, na mahali salama pa kutupa tope. Tena kuna hila ya kale: cha muda kikaachwa kuwa cha kudumu, na mtambo wenyewe usijengwe kamwe.

Tanzania haiko mbali na habari hizi. Shaba ya Zambia husafiri kwa reli ya TAZARA hadi Dar es Salaam. Na Mei 2009, wilayani Tarime, maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia mto Tigithe, ambao maji yake huelekea mto Mara na Ziwa Viktoria. Wenye mgodi walitaja wizi wa plastiki iliyotandikwa bwawani kuwa ndiyo sababu. Ulinzi wa bwawa, basi, ni ulinzi wa mto.

Mto Kafue una urefu wa zaidi ya kilomita 1,500. Zaidi ya nusu ya Wazambia huishi katika bonde lake, na jiji la Lusaka hunywa maji yake. Maafa yanapotokea, askari na polisi ndio wanaoitwa kuzuia watu na mifugo wasiyaguse maji, kulinda ushahidi na kubeba chokaa. Wataitika, kwa kuwa ndio wajibu wao. Lakini mwenye kiwanda naye ana wajibu uliotangulia wao: kuyasafisha maji yakiwa bado ndani ya ua wake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa Chambishi ulipoanguka, mto mzima ulilipa.